Adabu ya Kukaribia

Binadamu ana desturi ya kukipima kitu kwa ukubwa wake. Mlima husifiwa, kichuguu hupitwa. Tembo huandikiwa habari, sisimizi hukanyagwa wala isijulikane kuwa alikuwapo. Hata katika mazungumzo yetu, tukitaka kulitweza jambo twasema kuwa ni dogo, na tukitaka kumtukuza mtu twamwita mkubwa. Lakini lugha hiyohiyo yatuonya tusidharau kiselema, kwani chalima kikapita jembe zima. Baina ya desturi ile na onyo hili pana swali ambalo twapenda kulichambua mbele ya walimu na wanafunzi wetu: Je, kitu kidogo kina haki ya kuangaliwa? Na yule anayekiinamia ili akiangalie, anadaiwa nini na kitu hicho?

Swali hili limeletwa na sanaa moja ambayo zamani ilikuwa ya wachache na leo imeingia mikononi mwa wengi, nayo ni upigaji wa picha za karibu. Hatusemi picha za harusi wala za mikutano. Twasema picha ya jicho la nzi, ya tone la umande katika ncha ya jani la mpunga, ya kutu katika bawaba ya mlango, ya uzi uliochakaa katika pindo la kanga kuukuu. Mafundi wa sanaa hii huhesabu kuwa wamekikaribia kitu kweli pale umbo lake linapojiandika juu ya filamu kwa ukubwa wake halisi: mdudu wa milimita 10 akachukua milimita 10 za filamu ambayo picha yake nzima ina upana wa milimita 36. Picha hiyo ikisha kukuzwa karatasini, mdudu hujaza ukurasa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilihitaji lenzi maalumu, au mirija ya kuitenga lenzi na kamera, au werevu wa kuigeuza lenzi nyuma mbele. Siku hizi hata baadhi ya simu za mkononi huweza kukikaribia kitu kwa sentimita chache. Na wengi wa wafanyao hivyo hawalipwi chochote. Ni walimu, wakulima, makarani na wanafunzi, watu wa ridhaa ambao huinama kwa mapenzi tu.

Hapa mtu wa kazi atatuuliza, tena kwa haki: Je, nchi yenye mashamba ya kulimwa, visima vya kuchimbwa na watoto wa kufundishwa ina nafasi ya mtu mzima kulala kifudifudi nyuma ya nyumba akimvizia panzi? Je, huo si mchezo wa walioshiba? Swali hilo halifai kujibiwa kwa hasira wala kwa dharau. Lina uzito, na jibu lake ni lazima litoke katika maisha yetu wenyewe.

Tuanze na kitendawili. Kila mtoto wa nchi hizi amewahi kuambiwa, "Kuku wangu katagia miibani," akahangaika hata akaambiwa kuwa ni nanasi. Ameambiwa, "Nyumba yangu haina mlango," naye akalitaja yai. Ameambiwa habari za Mzungu aliyetoka Ulaya na mkono kiunoni, akakitazama kikombe kilichokuwa mbele yake siku zote, kwa mara ya kwanza akauona mkono wake. Je, waliovitunga vitendawili hivyo walifanya nini? Walikisogelea kitu cha kila siku hata wakafika karibu mno. Wakachukua sehemu yake moja, mwiba, ganda au mkono. Wakaiweka mbele ya msikilizaji peke yake bila kulitaja jina la kitu kizima. Msikilizaji akapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha jibu lilipotoka, akarudi nyumbani akiwa na macho mapya.

Picha ya karibu hutenda vivyo hivyo. Mwonyeshe mwanafunzi picha ya ganda la nanasi lililokuzwa, naye atadhani kuwa ni ngozi ya mamba au paa la mji wa kale. Mwonyeshe ncha ya kiberiti, atadhani ni jiwe. Huo ni ubao wa vitendawili vya macho. Basi sanaa hii, ijapokuwa chombo chake kilibuniwa ng'ambo, haikutukuta watupu. Ilitukuta na mazoea ya kale ya kukichunguza kilicho kidogo, mazoea ambayo wazee wetu waliyafanya kuwa mchezo wa jioni na shule ya akili kwa pamoja.

Wala hawakuishia katika maneno. Mtazame fundi wa milango ya Unguja na Lamu, jinsi alivyochonga mnyororo, mawimbi na ua katika mbao ngumu, mpaka pembe ambayo mgeni asingeiona nayo ikapata haki yake. Mtazame mama asukaye ukili: hesabu yake ya miyaa haina makosa, na ikikosewa mara moja mkeka mzima hupinda. Methali yatwambia, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Maana yake ni kwamba ndani ya kila kitu kilichotulia mbele ya macho yetu mna kazi ambayo hatukuiona. Anayesogea karibu na mkeka ule, akaupiga picha mahali pale ukili unapoungana na ukili, anaitafuta kazi hiyo. Hapo kuangalia ni namna ya kushukuru, na mtu wa kazi hawezi kuukataa mchezo ambao humrudishia heshima ya mkono wake.

Tena, jicho la mtu wa ridhaa limekwisha kuifaa elimu ya dunia. Wilson Bentley alikuwa mkulima wa kijiji cha Jericho, katika jimbo la Vermont huko Marekani. Hakuwa msomi wa chuo. Tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, aliiunganisha kamera na hadubini, akafaulu kupata picha ya chembe moja ya theluji. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 40, akizipokea chembe juu ya ubao mweusi mahali penye baridi, akijizuia kupumua karibu nazo zisije zikayeyuka, hata akakusanya picha zaidi ya 5,000. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1931, mwaka uleule aliofariki. Huko Berlin naye mwalimu wa sanaa, Karl Blossfeldt, alizikuza picha za machipukizi, mbegu na majani, wakati mwingine hadi mara 30, ili wanafunzi wake wajifunze maumbo kutoka kwa mimea yenyewe. Picha hizo alizitoa kitabuni mwaka 1928. Mmoja alikuwa na shamba na mwingine alikuwa na darasa, na wote wawili walifika kwenye elimu kwa kuinama.

Lakini tusimsifu Bentley bila kuisikiliza kesi yake, kwa kuwa ndani yake mna fundisho la kwanza la maadili. Katika negativu za picha zake alikuwa akiikwangua sehemu iliyoizunguka chembe, ili chembe ing'ae juu ya weusi. Tena alipenda kuchagua zilizokamilika, ilhali chembe nyingi za theluji huanguka zikiwa zimevunjika au hazikulingana pande. Huko Ujerumani mtaalamu wa hali ya hewa Gustav Hellmann, pamoja na Richard Neuhauss aliyempigia picha, walizionyesha chembe zenye kasoro, wakamlaumu mkulima yule kuwa aligusa kisichopaswa kuguswa.

Nani alikuwa na haki? Sisi twaona kwamba kuchagua si uongo. Mshairi huchagua neno, mkulima huchagua mbegu, na hapana picha isiyoacha kitu nje. Uongo huingia pale mchaguzi anapotaka tuamini kuwa hakuchagua, pale anaposema, "Theluji ndivyo ilivyo," badala ya kusema, "Katika theluji mna na hii." Tofauti ya semi hizo mbili ni fupi kwa masikio, lakini ni ndefu kwa ukweli. Na kosa hilo halikuisha na karne iliyopita. Wapo leo wanaomtia mdudu katika jokofu ili apoe asiruke, wakamweka juu ya ua asilowahi kulitua, kisha wakaiita picha hiyo maisha ya porini. Jani ni la kweli, mdudu ni wa kweli, ua ni la kweli. Habari peke yake ndiyo ya uongo. Mwanafunzi na ajifunze mapema kwamba vitu vya kweli vyaweza kupangwa vikasema uongo, kwani somo hilo atalihitaji pia siku atakaposoma magazeti na kusikiliza hotuba.

Fundisho la pili ni la kutodhuru. Kuna mdudu ambaye Waswahili walimwita vunjajungu, yule wa kijani anayekunja mikono kama mwenye kuomba. Watu wa kale waliamini kwamba mwenye kumgusa atavunja chungu, au chombo kinginecho atakachokishika baada ya hapo. Twaweza kuicheka imani hiyo, lakini tuangalie ilizaa nini: ilimfanya mtoto amtazame mdudu kwa macho, mikono ikiwa nyuma. Hiyo ndiyo kanuni yote ya picha ya karibu, nayo imekaa katika jina la mdudu mmoja. Anayeyafyeka majani yaliyokificha kiota ili apate mwanga mzuri amewaonyesha kunguru na nyoka njia. Picha yake yaweza kuwa nzuri sana, na makinda wakaliwa jioni ileile. Uzuri ulionunuliwa kwa bei hiyo ni wizi.

Na ikiwa adabu ni lazima kwa ndege, je, kwa mtu? Maana jicho la karibu halikuishia kwenye wadudu. Hupenda pia viganja vilivyopasuka vya mvuvi, mikunjo ya uso wa bibi, nyayo za mchunga ng'ombe. Wahenga walisema, "Macho hayana pazia," nasi twakubali kwamba hapana awezaye kuyazuia macho yasione. Lakini kamera si macho. Macho huona yakapita. Kamera huchukua ikaondoka. Kiganja kilichopigwa picha bila mwenyewe kuulizwa, kikakatwa na uso wake, na jina lake, na kazi yake, kisha kikatundikwa ukutani mji wa mbali kwa kichwa cha habari kisemacho "Umaskini" au "Uzee", kimegeuzwa kitu. Mwenye kiganja hakuwa umaskini. Alikuwa fundi wa nyavu, baba wa watu, mcheza bao asiyeshindika. Hapa ndipo tunapoona kuwa kukaribia kwa mwili si kukaribiana kwa utu. Mtu aweza kuisogeza lenzi hata sentimita 20 kutoka kwenye mkono wa mzee, naye akawa mbali naye kuliko aliyempungia mkono kutoka ng'ambo ya mto. Kwa hiyo twasema kuwa picha ya karibu ya mtu na itanguliwe na salamu, na baada ya salamu ombi, na mwenye mwili akikataa, basi amekataa.

Chombo chenyewe nacho humfunza adabu kila atakayekishika kwa saburi. Mambo matatu kila mpigapicha wa karibu huyakuta bila kufundishwa. La kwanza, kadiri lenzi inavyokikaribia kitu, ndivyo sehemu ionekanayo dhahiri inavyozidi kuwa nyembamba, hata ikabaki unene wa milimita moja au pungufu. Jicho la panzi likiwa dhahiri, miguu yake huzama katika ukungu; akiitafuta miguu, jicho hupotea. La pili, kinachokuzwa si kitu peke yake, bali hata mtikiso wa mkono wa mpigapicha: pumzi moja yatosha kuiharibu kazi yote. La tatu, anayekaribia mno hukitia kitu kivuli chake mwenyewe, akakiona cheusi, akadhani kuwa weusi ule ni wa kitu.

Sisi ambao tumezitumikia meza za ofisi na kuzisoma barua za wananchi twajua kwamba mambo hayo matatu si ya kamera tu. Aliyelikaribia kosa moja la mtu aweza kuliona dhahiri hata asione tena mtu mzima aliyelifanya. Mwenye hasira hutikisika, kisha akaapa kuwa kilichotikisika ni ulimwengu. Na hakimu, mwalimu au karani anayemwinamia mnyonge ili amchunguze hana budi kwanza kujiuliza: weusi huu ninaouona ni wake, au ni kivuli changu? Kama sanaa hii isingalitufunza jingine lolote, swali hilo lingetosha kuipa nafasi katika shule.

Sasa na turudi kwa yule mtu wa kazi na swali lake, maana bado hatujamlipa deni lake lote. Alituuliza kama nchi ina nafasi ya kuvizia vitu vidogo. Nasi twamjibu kwa mifano miwili ya nchi yetu.

Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la rangi ya urujuani katika misitu ya Usambara, mkoa wa Tanga wa leo, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland alilitia ua hilo katika vitabu kwa jina la ukoo wa ofisa huyo. Tangu hapo ua la misitu yetu limekuwa ua la madirishani huko Ulaya na Marekani, likazalishwa kwa aina nyingi mno, ilhali huko misituni lilikozaliwa limezidi kupungukiwa na kivuli cha miti. Hatusemi kuwa wenyeji wa Usambara hawakuwa wameliona. Macho walikuwa nayo, na mimea ya milima yao waliijua. Twasema kuwa anayekiinamia kitu na kukiandika ndiye ambaye jina lake husomwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Lakini mwenyeji asiyeinama hatapona kwa ujio wa mgeni, atapokea tu jina jipya la kitu chake.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi, kando ya milima ya Udzungwa, ulikuwa umekwisha anza, watafiti walimkuta chura wa rangi ya manjano ambaye aliye mzima hana urefu wa sentimita 3, na ambaye hazai mayai bali watoto walio hai. Hakuwa akiishi mahali pengine popote duniani. Makao yake yote yalikuwa eneo la hekta chache lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakoma. Karibu vyura 500 walipelekwa Marekani ili mbegu yao isipotee. Mabomba ya kunyunyiza maji yakatandazwa katika bonde. Ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2012 wazao wa wale waliohamishwa walianza kurudishwa Kihansi.

Hapana mwenye akili atakayeitukana mitambo ile. Megawati 180 ni taa za wodi, ni mashine za viwanda, ni mwanafunzi anayesoma usiku. Lawama haimo katika umeme. Fundisho limo katika mpangilio wa mambo: jicho lilifika baada ya sululu. Lau lingalitangulia, taifa lingaliketi likapima umeme na chura pamoja, mchana kweupe, likaamua likijua linaloliamua. Kwa kuwa halikutangulia, ilibidi kukimbizana na mauti kwa ndege na kwa mabomba, kwa gharama kubwa na kwa mashaka. Basi kutoangalia nako kuna bei yake, na bei hiyo hulipwa na yule yule mtu wa kazi aliyedhani kuwa kuangalia ni anasa.

Wala hatudai kuwa picha ingalimwokoa chura. Picha haizuii maji wala haitibu ugonjwa. Waliomwokoa ni watu waliofanya kazi miaka mingi. Twadai jambo moja tu: hapana kazi ya namna hiyo iwezayo kuanza kabla ya mtu mmoja kuinama na kusema, "Hapa pana kitu." Kuinama huko hakuhitaji cheo wala shahada. Mtoto wa kidato cha pili aweza.

Kwa hiyo twawaomba walimu jambo lililo katika uwezo wao. Kila shule na iwe na daftari moja la vitu vidogo vya mahali pake. Penye kamera au simu ya kuazima, ziwemo picha. Pasipo nayo, kioo cha kukuzia na kalamu ya risasi vyatosha, kwa kuwa kinachofunzwa ni jicho. Chini ya kila picha paandikwe mahali na tarehe, na jina la kitu kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili. Na wanafunzi wawaendee wazee kuyauliza majina hayo, maana majina nayo hufa. Pasipopatikana jina, iachwe nafasi tupu. Tena paandikwe kwa uaminifu kama kitu kilikutwa hivyo au kilipangwa. Na ikiwa ni mkono au uso wa mtu, liandikwe jina lake, ikiwa ameridhia.

Daftari hilo halitashindana na vitabu vya wataalamu. Lakini siku greda litakapokuja kuchonga barabara, au mto utakapogeuzwa njia, kijiji kitakuwa na cha kulifungua na kusema: kabla hamjaanza, njooni mtazame, hawa nao wanaishi hapa.